Kanzu za Profesa Zahor

Jumamosi moja ya mwaka 1997, dobi wa mtaa wa Al Khuwair alirudisha kanzu tano za Profesa Zahor, zote zimepigwa pasi, na zote zimeandikwa hesabu mgongoni kwa wino wa buluu. Alisema wino hautoki, akauliza kama wiki ijayo aongeze wanga.

Mahbuba, mke wa Zahor, aliinyanyua moja dirishani. "Mwandiko wa yule Mhindi wako huu. Saba zake zina mkia."

"Nnaujua," alisema Zahor.

Angekosaje kuujua? Daktari Sukumaran, mwanahisabati wa Kerala, alifundisha miaka sita katika idara ya Zahor, na miaka yote sita alitafuta uthibitisho wa swali moja tu la namba tasa. Alipoupata, mkataba wake ulikuwa umekwisha. Chuo cha kwao kilimwahidi uprofesa, mradi uthibitisho utoke kwa jina lake. Siku ya kuondoka akaletewa karatasi ya mukhalasa, ile anayotia saini kila mgeni kwamba kishapewa haki zake zote. Ilikuwa ya Kiarabu. Zahor akamsomea kwa Kiingereza, taratibu, akaruka mstari mmoja: kwamba kazi zake zote anamwachia mkuu wa idara, yaani Zahor mwenyewe. Sukumaran hakuuliza kitu. Alishukuru, akatia saini, akamwachia na chupa ya achari ya ndimu.

Basi uthibitisho ukatoka kwenye jarida kwa jina la Zahor, na uprofesa akapata yeye.

Alishonesha kanzu mpya kwa fundi wa mbali, Sib. Ikaandikwa uthibitisho ule ule kabla ya magharibi. Chuoni watu walizoea. Wanafunzi waligombania safu ya nyuma yake msikitini, na Bakhita, katibu wake, alikuwa akimwomba asigeuke, hajamaliza kusoma. Hakuna aliyeuliza mwandiko wa nani, na hilo ndilo lililomtafuna. Angeulizwa, alijiambia, angesema. Wapi!

"Waandikie wale wa jarida," alisema Mahbuba. "Mistari miwili tu. Mtie jina lake."

"Nitaandika."

"Tangu lini unaandika, we Zahor!"

Mwaka 2004 ikaja barua kutoka Kerala. Sukumaran hakulalamika. Uprofesa kapewa mwengine. Yeye anafundisha watoto kugawanya, barazani kwake, na anaomba barua ya sifa tu, apate kazi ya sekondari. Mwisho aliuliza kama achari iliwafaa.

Zahor alilia, wallahi, kilio cha kweli, mpaka Mahbuba akamletea maji. Alijiona mwizi na akalisema neno hilo kwa sauti. Kisha akashika kalamu, akaandika kwamba Daktari Sukumaran alikuwa msaidizi mwenye bidii.

Wiki ile alikuwa anavishwa nishani. Mahbuba alipomtolea kanzu, mgongoni palikuwa na hesabu nyingine kabisa, mbichi, swali jipya limejibiwa mpaka mwisho. Zahor akaitandika kitandani, akainakili yote kwenye daftari lake. Kisha akaivaa, na Mahbuba akamshikia joho la kuvaa juu yake.