Shika Bomba

Jumapili ile jirani Felisita aliingia ghalani bila kupiga hodi, mkono ameukumbatia kifuani, akaanza kulaani. Hakumlaani mtu yeyote wa mle ghalani. Alimlaani Nimpaye.

"Bomba limeniuma tena!" alisema. "Na yeye kasimama pale pale anajaza ndoo zake, yeye halimgusi. Basi leo ni leo. Balozi wa nyumba kumi ameshaita watu, na gari la kumrudisha kambini limeagizwa. Akaroge huko huko."

Akakinyoosha kidole wakione. Kwenye ncha palikuwa na doa dogo jeupe, ngozi imeiva kidogo tu, kama mtu aliyegusa kaa la moto na kuwahi kutoa mkono. Swabaha aliliangalia doa lile, kisha akakiangalia kidole chake mwenyewe cha shahada. Nacho kilikuwa na doa, la wiki iliyopita, lenye sura ile ile. Lile si doa la uchawi. Ni doa analolijua kila anayejenga koili.

Ghala lilikuwa la mashine ya kusaga ya ami yake, Muksini, pale mjini Ngara, mwaka wa tisini na tano, magari meupe ya mashirika yakipandisha kilima tangu alfajiri. Jumapili mashine haisagi. Alasiri Muksini huiwasha injini kwa shughuli nyingine kabisa: injini izungushe jenereta, jenereta iilishe transfoma, na transfoma iilishe koili. Walikuwa watatu tu. Muksini alijipa uenyekiti. Projestus, mwalimu wa fizikia wa sekondari, ndiye aliyejua kusoma michoro. Swabaha ndiye aliyekuwa na mikono. Kuna watu wanaofuga njiwa, na kuna watu wanaokusanya stempu. Hawa walijenga koili ya Tesla, kitu kinachotema cheche za zambarau hewani kwa sauti ya shuka linalochanwa, na ambacho ukiuliza kinafanya nini kingine, hakifanyi.

Waliijenga kwa vilivyopatikana. Transfoma ilitoka kwenye bango la taa la hoteli moja ya Mwanza iliyofungwa. Umeme ulitunzwa kwenye chupa za bia zilizojazwa maji ya chumvi na kuvishwa karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, na Muksini, asiyegusa pombe, mbele ya wageni aliziita chupa za soda. Juu kabisa palikaa masufuria mawili yaliyofunikana mdomo kwa mdomo. Lakini roho ya kitu chenyewe ilikuwa ile nguzo ya katikati, paipu ya plastiki ambayo Swabaha aliivisha waya wa shaba mwembamba kama uzi wa kushonea, mzunguko ubavuni mwa mzunguko, bila mmoja kupanda juu ya mwenzake. Alipokosea alifumua, akaanza upya. Aliipenda koili ile kuliko alivyopenda kukubali.

Projestus aliandikiana na wajenzi wenzao wa ng'ambo, watu ambao hawajuani kwa sura, wanajuana kwa urefu wa cheche. Wana jarida lao, na jarida linatoa picha. Picha ya koili ya Ngara yenye cheche ya mita nzima ndiyo ilikuwa kiu ya Muksini. Kamera ilikuwa ya kuazima na ilikuwa imeshafungwa kwenye miguu yake mitatu.

Tatizo, cheche zilikuwa zimefupika tangu mvua zianze. Walibishana juu ya chupa, juu ya masufuria, juu ya vanishi. Hakuna aliyeuliza habari ya waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini. Waya huo waliufunga zamani kwenye paipu ya maji iliyopita ukutani, kwa kuwa paipu ya chuma iliyolala udongoni ni ethi safi. Kisha mvua zilipoanza watu wa maji wakaja, wakachimba barabara, wakatoa chuma, wakalaza plastiki. Chuma kilichosalia ni kipande tu, kutoka ukuta wa ghala hadi bomba la barabarani wanakochota watu. Umeme ulikuwa unafika pale bombani na kukosa njia, mpaka aje mwanamke mwenye miguu iliyolowa aushike.

Watatu wenye akili zao, na michoro yao, na barua zao za ng'ambo, walikuwa wakiwaunguza majirani kila Jumapili na hawakujua.

Na Nimpaye je? Nimpaye alivuka kutoka Burundi na mtoto mgongoni, na sasa aliuchotea maji mgahawa wa stendi. Zamu yake ilikuwa Jumapili: wenzake wanapumzika, yeye yuko bombani. Alivaa mabuti ya mpira aliyogawiwa na shirika kwa sababu hakuwa na viatu vingine. Kwa hiyo bomba likauma siku anazokuwepo yeye, na yeye lisimuume. Mji ulitaka nini zaidi?

Felisita alipotoka, Swabaha alisimama.

"Ami, ni sisi. Ethi imekufa. Lile bomba tunaliuma sisi."

Muksini hakukana. Aliitazama paipu, akautazama ukuta, akaelewa mara moja, na kule kuelewa kwake upesi namna ile ndiko kulikompandisha Swabaha mori.

"Tutachimba ethi nyingine," Muksini alisema. "Wiki ijayo. Leo tupige picha kwanza, kamera ya watu inarudi kesho."

"Na Nimpaye?"

"Nimpaye ni mkimbizi, mwanangu. Kambi ipo, unga upo. Anarudi kwa wenzake, basi."

"Ami unajua kwa nini alitoka kambini? Mtu aliyemuua mumewe yumo humo. Alimwona kwenye foleni ya unga, mbele yake hivi, anacheka na watu. Aliniambia mwenyewe."

Muksini alishusha sauti. "Sasa nisikilize. Babu yako alifika hapa na mtumba mmoja wa vitambaa, na hadi leo wanatuita watu wa kuja. Tukitoka nje tukasema ni sisi, wataita nini hiki? Watasema Muksini ana majini ghalani. Nani atasaga kwangu? Unataka wachawi tuwe sisi?"

"Kwa hiyo afadhali awe yeye."

"Sikusema hivyo."

"Umesema, Ami. Mwalimu, hujasikia?"

Projestus alikuwa anafuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati. Alikifuta, akakifuta tena kile kile. Mtu mzima, anafundisha watoto wa watu, na alikuwa amepata kazi kwenye kioo. Swabaha aliona hasira zikimjaa mpaka kwenye meno. Hakuaga. Alifungua mlango akatoka, na nyuma akasikia kandambili za ami yake zikimfuata mbio.

Nje watu walikuwa wamelizunguka bomba. Balozi Ansbert alikaa kwenye kiti cha mgahawa, na kando ya kiti yalisimamishwa mabuti ya Nimpaye kama kielelezo mahakamani. Nimpaye mwenyewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu mitupu kwenye tope, mtoto amelala mgongoni. Hakuwa analia. Aliwatazama mmoja mmoja usoni, na wengi walioangaliwa waliangalia pembeni.

"Shikamoo, balozi," Swabaha alisema.

"Marahaba. Binti, kaa pembeni, tuna shauri."

"Shauri lenu nalijua. Mmesema bomba linauma akiwepo Nimpaye. Mpelekeni kule kwa fundi cherehani, mbali, akae na mabuti yake mtakavyo. Halafu ami yangu alishike bomba."

Watu wakageuka. Muksini ndiyo kwanza alikuwa anafika, anahema.

"Swabaha, usinivunjie heshima."

"Nakuheshimu, Ami. Shika bomba."

Nimpaye aliondoka mwenyewe bila kusukumwa, akaenda akasimama penye cherehani. Uwanja ukabaki wazi. Nyuma ya ukuta injini ilinguruma, na mtu angeweza kudhani ni siku ya kusaga.

"Bwana Muksini," balozi alisema, "si ushike tu tumarize? Ni bomba hiri, siyo nyoka."

Muksini aliweka mikono nyuma. Alilitazama bomba, akaitazama ardhi iliyolowa, akazitazama kandambili zake zilizotoboka visigino. Kwa ngurumo ile ya injini, sauti ya koili isingesikika nje hata ingekuwa imewashwa. Ilikuwa imezimwa tangu Felisita alipoingia, na mtu yeyote angeweza kulishika bomba lile bila lolote. Lakini yeye hakuwa na hakika kama Projestus, kule ndani peke yake na kamera, hajaiwasha.

"Nipeni kwanza hayo mabuti," alisema.

Hakuna aliyecheka. Felisita ndiye aliyeelewa wa kwanza, akiwa bado ameshika kidole chake.

"Ya nini mabuti, Muksini?" aliuliza. "Wewe ulijuaje kwamba mabuti yanakinga?"

Swabaha hakumngoja ami yake ajibu. Alieleza yote pale pale, chupa, waya, paipu, bila kupamba, na balozi aliyekuwa mbishi kwa asili akasema haamini mpaka aone. Akavua kiatu, akakanyaga tope, akalishika bomba, akamtuma Swabaha ndani awashe. Koili ilipiga kelele mara moja tu. Nje ilisikika sauti ya balozi akimtaja Bikira Maria, na kiti kikianguka.

Baada ya hapo waliingia ghalani wote walioweza kuenea. Walikuwa na maneno, na waliyatoa. Mmoja aliiangusha kamera na miguu yake mitatu, na hakuna aliyeiinua. Muksini alisimama penye kizingiti akiomba radhi kwa kila anayepita, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia wateja kwamba mkanda wa mashine umekatika.

Nimpaye aliingia wa mwisho, mabuti yake mkononi. Watu wakampisha. Aliizunguka koili polepole, akaangalia chupa, akaangalia masufuria, akasogeza uso karibu na waya wa shaba uliozungushwa bila kosa.

"Ni nani ametengeneza?"

"Mimi," Swabaha alisema.

"Ni ya kazi gani?"

Swabaha angeweza kuongea juu ya koili ile tangu adhuhuri hadi magharibi.

"Haina kazi. Inatoa cheche. Tunaitazama."

Nimpaye aliitikia kwa kichwa kidogo, taratibu, kama mtu anayejiridhisha kwamba amesikia vizuri.

"Mulikuwa munacheza," alisema.

Hakupaza sauti. Angepaza, Swabaha angepata pa kujishikiza. Nimpaye aliketi kwenye kigoda cha mwenyekiti, akafuta tope kwenye nyayo kwa kanga, akavaa mabuti, kwanza hili, kisha lile, akatoka kuchukua ndoo zake. Watu walikuwa wameshaanza kutawanyika. Gari la kambini lilikuja, likaambiwa lirudi.

Swabaha alibaki peke yake na koili. Alikuwa na hasira na ami yake, na mwalimu, na Felisita, na mji mzima, na zote zilikuwa hasira za haki, na hakuna hata moja iliyomsaidia.

Kisha ikaja sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, pale bombani.

"Mumezima?"

Koili ilikuwa imezimwa. Swabaha aliizima kwa mkono wake, na injini yenyewe ilikuwa kimya. Hata hivyo alipiga magoti, akakata waya wa ethi kwa koleo, akauchomoa wote kwenye paipu, akaushika mkononi. Ndipo akajibu.

"Tumezima, dada. Chota."

Ilipita muda kabla hajasikia maji yakianza kutoka.