Wimbo Nilioukata Shingo

Usiku wa jana niliota nimeshtakiwa kwa kuua wimbo. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana ndoto bila mwanzo wake ni kama ng'ombe asiye na kichwa.

Jioni mjukuu wangu Nyemo alinivalisha vile vispika vyake vya masikioni. "Mume wangu, sikiliza albamu hii. Ni vijana wa hapa hapa Dodoma. Naipenda mpaka basi."

Nikasikiliza. Kijana akapiga yowe, nikavivua. Hata nusu dakika haikufika.

"Mke wangu," nikasema, "huyo kabanwa vidole na mlango. Mpelekeni zahanati."

Nikacheka peke yangu. Nyemo akakunja nyaya zake taratibu. "Haya. Sitakusikilizisha tena kitu." Akaenda kulala. Nami nikalala, ila vibaya.

Basi, nipo sebuleni kwangu, mchana kweupe, na sebule iko katikati ya mnada wa ng'ombe. Wala hakuna anayeshangaa. Kwenye mkeka wangu wimbo umelazwa, umefunikwa shuka. Pembeni limekaa zeze, limekunja miguu. Kipo na kinanda cha kanisani, kimevaa tai. Na upo mdomo, mdomo mtupu, hauna kichwa, umevaa mabuti ya mvua.

"Shikamoo mzee," mdomo unasema.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Tumefiwa. Wewe ndiye uliyeukata wimbo huu shingo."

Kinanda kinakohoa. "Sheria inasema wimbo uliokatwa unazikwa saa kumi. Ukizikwa huu, albamu yote inaufuata. Na mjukuu wako hatakuletea wimbo mwingine mpaka unakufa."

Nikauliza, "Dawa yake?"

"Aliyeukata aumalizie. Kwa koo lake mwenyewe."

"Jamani, mimi mambo ya kupiga mayowe siyajui."

Zeze likacheka mpaka nyuzi zikalegea. "Mzee mzima wa Kigogo unatudanganya mchana! Ulipofiwa na mama yako uliingiaje nyumbani?"

Hapo hapo niko barabarani, kwenye kona ya kwa mama. Nina miaka thelathini, viatu nimeshika mkononi. Kwetu huingii msibani kimya. Unaanzia konani, unapasua koo, waliokaa wajue nani kaja. Ukiingia kimya wanaulizana, huyu kafuata ubwabwa?

Nikapiga yowe. Maneno yalikuwemo, ila yalitoka yamevunjika vunjika.

"Umeona sasa?" mdomo ukasema, kwa upole kabisa. "Kijana wetu naye yuko konani. Ungemsubiri afike."

Nikasubiri. Na kweli akafika. Zeze likampokea kama shangazi, likamvua mzigo, likamkalisha. Kinanda kikaanza kwaya, polepole, kama watu wanaosogeza mikeka. Halafu ngoma, ile ya kuondoa msiba, mabega yanacheza yenyewe.

Shuka likatikisika. Wimbo ukakaa kitako, ukaomba uji.

Nikasikiliza nyimbo zote kumi. Kuna moja ina kasi mpaka kinanda kikavua tai. Ng'ombe wakatulia. Nikasema, "Rudieni ule wa kwanza."

"Mzee, tunafunga mnada," kinanda kikajibu.

Nikaamka koo limekauka.

Nyemo yuko uani anaosha vyombo, simu kaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, inaimba kwa chini. Ni lile yowe. Nikavuta kigoda nikakaa karibu yake. Aliponiona akanyoosha mkono aizime.

"Iache," nikasema, sauti imekwaruza kama ya jogoo mgonjwa. "Mwache afike. Sasa hivi zeze linampokea."

Mkono wake ukabaki hewani, povu linadondoka.

"Nani kakwambia humu kuna zeze?"

Kabla sijamjibu, likaingia.