Mwaisaka na Wenzake

Ndoto hii niliiota jana mchana, nimejilaza kwenye kochi la chumba cha madaktari baada ya zamu, viatu miguuni.

Niko kwenye korido ya hospitali yetu. Kwenye benchi la wagonjwa wa nje limekaa andiko letu la utafiti, lile la kuwabeba watoto njiti kifuani. Kurasa nane, limejifunga kanga.

"Shikamoo, Daktari," linasema. "Nina miaka mitatu hapa. Hakuna mtafiti hata mmoja aliyenitaja."

"Marahaba. Umemwona karani?"

"Kila siku."

Tukaenda dirishani. Karani ni kamusi nene yenye miwani. Akapekua daftari lake.

"Simbeye na wenzake," akasoma. "Simbeye ni wewe?"

"Ndiye mimi."

"Wenzako wako wapi?"

Nikageuka. Sikuwa na mtu. Mwenzangu alikuwa mmoja, Sista Atuganile Mwaisaka, mkunga. Ndiye aliyewapima joto watoto mia nne na kumi na wawili kwa miezi kumi na minne. Mimi niliandika.

"Yumo mle," kamusi akasema, akinionyesha mlango ulioandikwa NA WENZAKE. "Kila ambaye jina lake si la kwanza kwenye andiko anawekwa mle. Andiko halitajwi mpaka wenyewe wote wapatikane. Ila ukiingia, hutoki tena ukiwa wa kwanza."

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikaingia.

Nilidhani kutakuwa na giza. Ni uwanja mpana wenye jua, umejaa wauguzi, wapima damu, watu wa takwimu na madereva waliobeba sampuli. Wanaimba. Darubini inapiga ngoma. Sista Atuganile anakoroga sufuria la wali linalotosha wilaya nzima.

"Karibu, Daktari. Tumekuwekea kiti."

"Sista, umekaa humu miaka yote mitatu?"

"Yote. Chakula kipo."

"Hukunikasirikia?"

Akafikiri, mwiko ukiwa hewani. "Nilikukasirikia. Ulipokwenda kusoma andiko letu kwenye mkutano na hukunitaja, nilikasirika sana. Baadaye wakaja watoto wengine wa kupima."

"Nisamehe. Naomba ukasimame wewe dirishani, uwe wa kwanza. Mimi nitakoroga."

Akanipa mwiko, akajifuta mikono, akatoka. Nikamsikia kamusi akiuliza, "Jina?"

"Mwaisaka."

"Na wenzako?"

"Wamo ndani, wanapika."

Muhuri ukagongwa. Andiko likapiga vigelegele kwa kurasa zote nane. Nami nakoroga, kipimajoto kimoja kinaniambia chumvi haijakolea, na sikumbuki lini nilifurahi kiasi kile.

Nikaamka. Simu ilikuwa na barua pepe kutoka kwa mtafiti wa Lilongwe nisiyemfahamu. Anatushukuru, njia yetu imewasaidia watoto wa wodi yake, na ametutaja kwenye andiko lake jipya. Nikalifungua, nikateremka hadi kwenye marejeo. Pameandikwa: Mwaisaka na wenzake.

Mwishoni aliuliza kama majina ameyapanga sawasawa. Nikamjibu kuwa yako sawa kabisa, nikaenda wodini kumwonyesha Sista.

Aliusoma mstari ule mara mbili, mtoto akiwa amelala kifuani pake.

"Nani amekosea hapa?" akauliza.

"Hakuna," nikamwambia.