Sabufa Kidakani

Najim alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kinafanya kazi akakiacha. Alijinunulia kompyuta ya kuchezea gemu, ndogo kama kasha la viatu, akaiweka sebuleni chini ya televisheni. Mtu mwingine angekaa akacheza. Yeye akasema sauti haina kiwango, risasi zinalia kama bisi jikoni.

Akaleta sabufa. Mwanzo aliiunganisha kupitia televisheni, ikawa picha inatangulia na mlio unafuata nyuma. Akaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, mlio ukaja kwa wakati wake. Ikabaki besi. Sabufa ikiwekwa sakafuni inavuma, ikiwekwa pembeni inakoroma. Ni mkewe, Shufaa, aliyesema ijaribiwe kidakani, katika ule uwazi wa ukutani ambamo wazee wa Bagamoyo walikuwa wakiweka taa na misahafu. Ikaingia kama iliyopimwa. Besi ikatulia, nzito na safi, na Najim akasema mke huyu angempata wapi.

Tatizo ni kwamba ukuta ule ni wa nyumba mbili. Upande wa pili anakaa Bi Mwanaasha, na wiki hiyo hiyo alikuwa amefiwa na mumewe, Mzee Mwinyimvua. Siku ya hitima, kisomo kikiendelea kwa jirani, Najim aliinama kidakani kuunga waya, akasema, "Hivi hawa watamaliza saa ngapi? Nataka niijaribu." Shufaa akamwambia anyamaze, lakini alicheka. Kisha wote wawili wakaenda kula pilau ya marehemu.

Bi Mwanaasha akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki. Shufaa alikuwa akimpelekea bakuli la uji, salamu mlangoni, huyo anarudi. Mwezi wa tatu ndipo alipoona haya, akaingia mpaka chumbani akakaa mkekani.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekaa."

Hawajamaliza kuulizana hali, ukuta ukaanza. Vikombe vikagongana kabatini. Najim alikuwa vitani, na kila bomu lake lilipita mgongoni mwa Shufaa aliyeuegemea ukuta. Ndipo alipoona kuwa kitanda hakimo chumbani. Kilikuwa kimehamishiwa ukumbini, karibu na mlango wa jiko, penye moshi.

"Siku hizi inatoka vizuri," Bi Mwanaasha akasema kwa upole. "Mwanzo ilikuwa ikikoroma."

Shufaa alitamani ardhi ipasuke. Akauliza, "Bibi, mbona hukutuambia?"

"Nitokeje, na mimi nimo edani? Na kumtuma mtu aje kumsema jirani, hilo nalo si jema."

Shufaa alirudi kwake, akachomoa waya katikati ya mchezo. Najim alifoka, kisha akaelezwa, kisha hakufoka tena. Aliitoa sabufa kidakani mwenyewe, akaiweka chini, akakaa kando yake ameinamisha kichwa. Aibu ilikuwa imemshika masikio. Angekwenda kuomba radhi, lakini mwenye eda haonani na mwanamume asiye maharimu wake, na kumtuma mkewe aliona ni kujificha. Mwishowe akapiga magoti mbele ya kidaka kitupu. Hakupaza sauti, alitaka tu kujaribu maneno kwanza.

"Bi Mwanaasha, niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, baba," sauti ikajibu, karibu kana kwamba bibi amekaa nao sebuleni. "Wala usijisumbue kupaza. Hapa nakusikia vizuri, kama siku ile ya hitima."

Najim alibaki magotini. Nyuma yake Shufaa alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, na safari hii hakuwa akicheka.