Mtoto wa Kwenye Kaseti

Mwanvua hakumwamini yule mzee tangu aliposhuka kwenye pikipiki. Mtu anayetoka Kabambare kwa barabara ile, matope mpaka kwenye nyusi, hutafuta maji kwanza, maneno baadaye. Huyu hakuomba maji. Alisimama mbele ya kioski cha Mwanvua sokoni Kasongo, akaangalia simu za watu zilizokuwa zinachajiwa, akasikiliza spika iliyokuwa inaimba, akakunja uso. Kisha akamwangalia Mwanvua mwenyewe, kutoka kilemba mpaka ndala, kama askari aliyekuja kukamata mwizi.

"Mama," akasema, kwa sauti nzito ya kutoka tumboni, "ni wewe uko na ile kaseti?"

Sasa, habari ya kaseti ya Mwanvua, Kasongo nzima inaijua, na nusu yake inamcheka. Aliinunua akiwa msichana, kabla vita havijafunga njia, kwa mchuuzi wa baiskeli aliyetoka upande wa Wamaza. Haina picha wala jalada. Imeandikwa kwa biki tu: Ismaël, Wamaza. Ndani mna nyimbo sita. Mwanamume mwenye sauti nyembamba, ya haraka, anapiga gitaa, na mtoto wa kike anamwitikia. Basi. Hakuna redio iliyowahi kumpiga, hakuna mtu aliyewahi kumwona. Lakini Mwanvua alimsikia siku ile na hajapona mpaka leo. Amezaa, ameoza mabinti, amezika wazazi, na bado Ismaël akianza kuimba yeye anaacha mwiko chunguni.

Kazi yake ni kuchaji simu na kutia nyimbo kwenye karte, zile ndogo zinazoingia ndani ya simu. Unampa karte, unamwambia unataka nani wa Kinshasa na nani wa Bukavu, anakutilia. Lakini hakuna karte iliyowahi kutoka mikononi mwake bila Ismaël ndani. Umtake usimtake, utampata tu. "Mama, na huyu ni nani tena? Sikumuomba." "Nimekupa bure. Musikilize, utanishukuru." Wengi walimfuta kabla ya kufika nyumbani. Wengine hawakujua kufuta, na ndivyo Ismaël alivyoingia Kasongo, kwa kusukumwa mgongoni, mpaka wimbo wake wa sita, ule wa mbio unaoitwa "Tulia", ukawa wa kumchezeshea bibi harusi. Ila ukiwauliza wanaocheza ni wimbo wa nani, wanasema ni wa Mama Mwanvua. Hilo lilimuuma kuliko kufutwa.

Na kuna lililomuuma zaidi. Alikuja zamani kidogo kijana mmoja mwanamuziki kutoka Kindu, mpole, ana adabu zake, "mama" tele mdomoni. Akaazima kaseti asikilize tu. Haukupita muda wimbo wa tatu ukawa unasikika redioni kwa jina lake yeye! Mwanvua alikwenda mpaka redioni kwenyewe, akapiga kelele mpaka akatolewa nje na mlinzi. Tangu hapo kaseti inalala ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo ndani ya sanduku, ufunguo wa sanduku shingoni mwake. Haipigwi tena, zile nyimbo alizohamishia kwenye kompyuta zinatosha. Mumewe, Yassine, akikasirika humwambia, "Ungenitunza vile unatunza ule bwana wako wa kwenye kopo, leo ningekuwa nimenona."

Kwa hiyo mzee alipotaja kaseti, mkono wa Mwanvua ulipanda wenyewe shingoni.

"Kaseti gani, papa?"

"Ya Ismaël wa Wamaza."

"Na wewe ni nani?"

"Ni miye Ismaël."

Loo! Mwanvua alicheka mpaka muuza samaki wa pembeni akasogea asikie kinachochekesha. Ismaël, huyu? Ismaël mwenye sauti ile ya kuruka, na huyu anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa? Lakini cheko lilimwisha haraka. Aliwaza: mwingine huyu. Safari hii wametuma mzee, wanajua mzee huwezi kumtukana.

Mzee hakucheka. Alieleza polepole, macho yake hayatoki kwenye spika. Aliimba zile nyimbo akiwa kijana, akampa mtu wa baiskeli kaseti akazitengeneze nyingi, na vita vikaingia. Wakakimbia, nyumba ikaungua, gitaa likaungua. Mke wake Julienne alifia Lusangi, kwenye kukimbia huko, naye akaishia Kabambare. Hana picha yake hata moja. Mjukuu wao, Esther-Divine, ana mimba, na hajui nyanya yake alikuwa na sauti gani.

"Ndani ya kaseti yangu Julienne anaimba pamoja na miye. Niliambiwa mama mumoja wa Kasongo iko nayo. Ndiyo nimekuja."

"Si unaisikia hapo kwenye spika?"

"Hiyo?" Mzee alitema mate pembeni. "Hiyo si miye. Hao ni watoto wameniiga. Wanakimbiza wimbo kama mutu anakimbia mvua. Na 'Tulia' si ya kucheza, mama. Ni ya kulaza mutoto. Wewe unaficha kaseti ya kweli, unatilia watu ya uongo."

Damu ilimchemka Mwanvua. Yeye! Yeye aliyetukanwa kwa ajili ya Ismaël, aambiwe mbele ya soko zima kwamba anatilia watu Ismaël wa uongo!

"Papa, umejikamata mwenyewe," akasema, na watu waliokuwa wamejaa wakati huo wakasogea karibu. "Hiyo yenye kuwa kwenye spika imetoka ndani ya kaseti yenyewe, kwa mikono yangu. Kama huyo si wewe, basi kaseti si yako."

"Eee!" wakasema watu.

"Na kama ni yako, imba."

Mzee akaimba. Jamani, aliimba kwa kujikokota, chini kabisa, mpaka muuza samaki akapiga mwayo wa makusudi. Hakukosea neno hata moja. Lakini maneno ni kitu gani? Maneno ya Ismaël kila mwongo wa Kasongo anayo ndani ya simu, na ni Mwanvua mwenyewe aliyeyagawa. Alibaki na mtego mmoja.

"Na huyu mutoto mwenye kuitikia, jina lake nani?"

"Mutoto gani? Hakukuwa na mutoto. Nimekuambia ni bibi yangu, Julienne."

Mwanvua akagonganisha viganja vyake kwa kishindo. Imekwisha! Mtu yeyote mwenye masikio anajua ile ni sauti ya mtoto, tena hata meno hajang'oa. Mzee akatoa karte yake ya kupigia kura, imeandikwa Ismaël, imeandikwa Wamaza. "Ismaël iko mumoja tu Wamaza?" Mwanvua akamjibu, na watu wakacheka, na mzee akairudisha mfukoni taratibu.

"Siku ile ya kuimba," akasema, sasa haongei na mtu, "mapile ya radio, zile betri, yalikuwa yamekufa. Tuliyaanika tangu asubuhi ili ikubali kurekodi. Ni Julienne aliyekuwa anayageuza pale juani, kama mihogo. Leo unaniambia mutoto."

Akapanda pikipiki ileile, akaondoka. Maji hakunywa.

Soko lilimsifu Mwanvua siku hiyo. Mama ni mkali, mama haibiwi. Naye alijibu "asante" kwa huyu na kwa yule, lakini roho haikutulia. Yule kijana wa Kindu alikuja na asali mdomoni. Mwizi ndivyo anavyokuja. Mwizi gani anatoka Kabambare matope mpaka usoni, kuja kukugombeza? Mwizi gani anautemea mate wimbo anaotaka kuuiba? Aliligeuza hivi, akaligeuza vile. Akajiambia, huo ndio ujanja wao mpya. Akajiambia hivyo zaidi ya mara moja, na hakujiamini.

Mvua ikanyesha siku hiyo na kesho yake. Jua hakuna, chaji hakuna, kioski kikafungwa. Mchana ule wa mvua Mwanvua akafungua sanduku, akafungua kopo. Alitaka kuisikia kaseti yenyewe, akate maneno. Akachukua radio ya kaseti ya Yassine, akatafuta mapile.

Yassine, muuza chumvi, mtu mwema, hana neno na mtu, lakini hakubali kwamba pile imekufa. Ataianika juu ya bati, ataiuma kwa meno, ataianika tena. Mapile yaliyokuwamo nyumbani yalikuwa hayo, yenye alama za meno. Mwanvua akayatia hivyohivyo, akapeleka kaseti kwenye wimbo wa mwisho, akabonyeza.

Gitaa likaja taratibu, kama mtu anayeshuka mlima amebeba mzigo. Akafikiri radio imeharibika. Ndipo sauti ikaja, nzito, ya kutoka tumboni, inajikokota.

*Tulia, tulia, usiku haujaisha...*

Mwanvua akakaa chini, hapohapo sakafuni. Na mtoto akaitikia, na hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamke mzima, sauti imeiva, ana pumzi kidogo, anaimba huku anamtikisa mtu mapajani. Kwa nyuma, pale ambapo miaka yote hii Mwanvua alisikia ndege akilia na kumpenda ndege huyo, palikuwa na mtoto mchanga analia, na kilio kikawa kinapungua, kinapungua, mpaka akalala.

"Mbona umekaa chini?" Yassine akauliza mlangoni.

"Mapile yalikuwa ya kuanikwa," akasema Mwanvua.

"Bila shaka ya kuanikwa. Nimeyaanika miye."

"Si haya. Yao! Siku ile radio yao ilikuwa inazunguka polepole, haina nguvu. Sisi tukaja kupiga kaseti yao kwa nguvu mupya, ndiyo sauti zikakimbia, zikapanda. Yassine, tumewakimbiza miaka yote hii. Ule muzee ni yeye."

Akalia. Si machozi ya kujipangusa kwa kanga. Alilia kama mfiwa. Ismaël, aliyemtetea mpaka akatupwa nje ya redio, alisimama mbele yake na matope usoni, naye akamfukuza mbele ya wauza samaki. Hata maji hakumpa.

Mvua ilipokatika alitafuta pikipiki. Yassine akamwangalia anavyofunga radio kwenye kanga, kaseti ndani ya kopo, na yale mapile mabovu ndani ya kitambaa kana kwamba ni mayai.

"Kwa hiyo unafuata mwanaume mpaka Kabambare."

"Ninamufuata."

"Haya. Mapile yangu uyarudishe."

Kabambare si mji wa kumpoteza mtu. Aliulizia na kuonyeshwa. Mlangoni alikutana na msichana mwenye mimba kubwa, amejiegemeza, mikono kiunoni.

"Ni wewe mama wa Kasongo? Uliyemwita babu yangu muongo?"

"Ni miye, mwanangu."

Esther-Divine hakumkaribisha, ila alisogea kidogo, na Mwanvua akapita. Mzee alikuwa uani anasuka kapu. Hakusimama.

"Umeniletea tena ile ya watoto?"

Mwanvua akafungua kanga yenye radio. Angeanzia wapi? Akaweka radio chini, akatia mapile, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Barabara ilikuwa imemaliza kile kidogo kilichobaki. Esther-Divine akaingia ndani, akatoka na mapile mapya ya tochi yake.

"Weka haya."

"Hapana!" Mwanvua akaruka, akakinga radio kwa mwili wake. "Haya mapya hapana."

Mzee na mjukuu wakatazamana. "Kwa nini hutaki?" akauliza mzee. "Mama, unaficha nini tena?"

Uchungu wa kutoaminiwa! Sasa Mwanvua aliuonja, na ulikuwa mkali. Hakubisha. Alitoa yale mapile mabovu, akayapanga juu ya kipande cha bati palipokuwa na jua, akachuchumaa pembeni yake. Jua lilikuwa kali baada ya mvua. Akayageuza moja moja, upande huu, upande huu. Mzee alikuwa anasuka. Kisha akaacha kusuka, akawa anaangalia ule mkono unaogeuza. Mapile yakawa ya moto.

Mwanvua akayatia, akabonyeza.

Gitaa likaja, taratibu. Sauti nzito ikaja, na Esther-Divine akageuka kumwangalia babu yake kinywa wazi. Halafu Julienne akaitikia.

Kapu lilianguka. Mzee alitambaa mpaka kwenye radio, akaweka kiganja juu yake kama anayepima homa ya mtoto. "Ni yeye," akasema. "Esther, sikia, ni yeye. Na huyu anayelia ni mama yako." Msichana akakaa chini pembeni yake, akashika tumbo lake kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.

Mapile ya kuanikwa hayadumu. Wimbo ukaanza kuzama, Julienne akawa anashuka, anashuka, akawa anaguna tu, kisha kaseti ikasimama katikati ya mstari. Esther-Divine akanyoosha mkono achukue mapile mapya, akaukunja mwenyewe.

Ismaël alikuwa amefumba macho. Akaendelea kuimba pale radio ilipoachia, kwa sauti yake ya chini, mpaka akafika mahali pa kuitikiwa. Hapo akanyamaza, akangoja. Mjukuu hakuyajua maneno.

Mwanvua aliyajua. Akaitikia kama alivyozoea tangu usichana wake, kwa mbio, akiruka juu ya maneno.

Mzee akamwinulia kiganja.

"Polepole, mama," akasema. "Julienne hakuwa na haraka."