Waya wa Mlio

Asubuhi hii kaka amekuja tena kunifunga vifungo vya shati. Huu ni mwezi wa tatu anafanya hivyo. Mama humfungulia mlango bila kuitikia salamu yake, kisha hurudi jikoni kugonganisha sufuria ili kaka ajue kwamba bado hajasamehewa.

Mimi ni fundi saa, au nilikuwa. Duka liko mbali na nyumbani, miguu ikanichosha, nikanunua gurudumu la umeme. Ni gurudumu moja tu: unalipanda, mguu huku na mguu huku, ukiegemea mbele linakwenda, ukiegemea nyuma linapunguza. Halina usukani wala breki ya kushika. Wiki ya kwanza nilianguka penye tuta, nikaanguka penye changarawe, na mara moja nilianguka mbele ya duka la kinyozi nikiwa nimesimama tu. Kinyozi alicheka hadi akamharibia mteja ndevu.

Kaka ni fundi umeme. Alilichunguza lile gurudumu, akaniletea glavu zenye plastiki ngumu ya kukinga vifundo vya mikono.

"Mdogo wangu, ukianguka utatanguliza mikono. Kila mtu hutanguliza mikono. Na wewe mikono ndiyo duka lako."

Nilizitia kwenye droo ya mikanda ya saa. Zilinitoa jasho, na jasho halifai karibu na saa.

Kilichonikera zaidi ni mlio. Ukikimbia sana, gurudumu hulia pii-pii-pii kukuonya kwamba linakaribia kuishiwa nguvu za kukubeba. Mtaa mzima ukanibatiza Kifaranga. Nikipita, watu wazima na akili zao wananililia pii-pii. Kinyozi ndiye aliyeanza, Mungu anamwona.

Nikamwambia kaka akate waya wa mlio. Akakataa. Nikambembeleza, nikamnunia, mwisho nikamwambia ananionea wivu kwa sababu yeye bado anakwenda kwa miguu. Hilo lilimuuma. Alichukua koleo, akaukata.

"Basi uende polepole. Niahidi."

Nikaahidi, na nilikwenda polepole siku nne. Siku ya tano nilikuwa nimechelewa, barabara kavu, imenyooka, na kinyozi amesimama mlangoni kwake. Nilitaka anione. Nikaegemea mbele, nikazidi kuegemea. Gurudumu likaishiwa nguvu kimyakimya. Lenyewe likasimama, mimi nikaendelea. Nilitanguliza mikono.

Vifundo vyote viwili vilivunjika. Mifupa imeunga, lakini vidole vinatetemeka. Skrubu ya saa ni ndogo kuliko punje ya mchele, na mimi siku hizi hata kijiko kinafika mdomoni kitupu. Daktari anasema nivute subira. Yeye mikono yake ni mizima.

Kule hospitali mama aliuliza ni nani aliyekata ule waya.

"Mimi," kaka akasema.

Alinigeukia, akaniachia mimi nimalizie. Nikafumba macho, nikajifanya dawa zimenilevya. Niliona aibu, na nilijiambia nitasema kesho. Tangu siku hiyo kila siku ni kesho.

Leo kaka alipokuwa anamalizia vifungo, mama alikuja akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Ukimaliza hapo, usirudi tena. Nitamvalisha mwenyewe. Umemkata mwanangu mikono."

Alisema "mwanangu" kana kwamba amezaa mmoja tu. Kaka alininyooshea kola, akanitazama machoni kama siku ile hospitali, akangoja. Mama naye alikuwa palepale, anasikia kila kitu. Sentensi moja tu ingetosha, na nilikuwa nayo ulimini.

"Mkono wa kushoto bado," nikamwambia. "Umesahau kifungo."

Akakifunga, akachukua mkoba wake wa vifaa, akaondoka.