Uji Uliokimbiwa

Ko, ko, ko. Mwiko uligongwa ukingoni mwa chungu, polepole, kama mtu anayebisha hodi huku akiogopa kuamsha watoto. Ephrasia alifumbua macho gizani. Anatory, mwanawe mchanga, alikuwa amelala na titi mdomoni. Klaudia, wa miaka mitano, alikuwa amejikunja mgongoni pake kama paka. Jogoo walikuwa bado hawajawika, na mwenye mwiko alijulikana bila kuulizwa. Mama mkwe wake, Kokubanza, hakumwachia mtu chungu siku ambayo uji ulikuwa wa wageni.

"Mae, nimeamka," Ephrasia alinong'ona. "Nipe mwiko nikupokee."

"Lala. Uji wako una madonge. Wale watu wana shida za kutosha."

Ephrasia alicheka kidogo, akajikuta hana kicheko zaidi ya hicho.

Vita vya wazungu vilikuwa vimekwisha. Mwingereza alikuwa amekaa katika boma la Mjerumani pale Bukoba, na watu walidhani sasa watapumua. Badala yake ikashuka homa. Ilishuka gatini pamoja na abiria wa meli, ikapanda milima, ikafuata njia za wachuuzi mpaka vijiji vya Muleba. Mtu aliyekuwa akipalilia migomba asubuhi aliweza kuwa jioni amelala, midomo imebadilika rangi, anatafuta pumzi. Serikali ikapiga marufuku soko, ngoma na kulala matangani. Barabara zikafungwa, na Aristides, mume wa Ephrasia, aliyekuwa akipakia magunia ya kahawa huko Bukoba, akabaki hukohuko. Hakuna aliyejua kama yu mzima.

Katikati ya hayo ndipo walipofika wakimbizi. Walitoka Rwanda, ambako njaa na kubebeshwa mizigo ya vita viliwatoa majumbani mwao. Walivuka mto Kagera, wakapita Karagwe kwa miguu, na homa ikawakuta njiani. Wakawekwa katika banda la soko, kule rweyani, mbugani kusikolimwa, mbali na migomba ya watu.

Katekista Rugambwa aliwaita wanawake nje ya kanisa, kila mmoja asimame mbali na mwenzake, akawapangia zamu za kupeleka uji. Mtawa aliyegawa dawa alikuwa amemweleza namna ya kufanya, na Rugambwa akamwachia Ephrasia awaeleze wenzake, kwa kuwa alisoma masomo ya jioni kule misheni ya Kashozi kabla ya kuolewa na alijua kusema jambo likaeleweka.

"Mnaweka kibuyu juu ya lile jiwe bapa," Ephrasia alisema. "Kisha mnarudi nyuma mpaka kwenye kichuguu, mnangoja waje wachukue. Msiwasogelee, msiingie bandani. Ugonjwa huu unaruka kwa pumzi."

Jiwe alilichagua mwenyewe. Usiku ule alilala akiona kwamba kusoma kwake kumefaa kitu.

Lakini vibuyu havikuguswa. Zamu ya kwanza uji ulichachukia palepale jiweni. Zamu ya pili mbwa waliuramba.

"Wanaringa!" alisema Benadetha, jirani yao, akisimama upande wake wa mpaka. "Njaa gani hiyo inayochagua?"

"Labda wamezoea maziwa," akadakia mwingine.

"Basi tuwapelekee ng'ombe, tena tumvishe shanga!"

Wakacheka. Ephrasia hakucheka. Jana yake aliona maiti zikitolewa bandani zimefungwa katika mikeka, na moja ilikuwa fupi.

Ndiyo sababu asubuhi hiyo, zamu ilipofika nyumbani kwao, alimfunga Anatory mgongoni, akamwacha Klaudia amelala, akamfuata mama mkwe wake. Kokubanza alitangulia na kibuyu kichwani, kiko kikifuka moshi mdomoni. Umande uliwalowesha mpaka magotini. Waliweka uji juu ya jiwe, wakarudi kichuguuni, wakangoja.

Akatoka mzee mmoja, Ruzindana, ambaye wenzake walimfanya msemaji. Lugha yao na Kihaya hazikuwa mbali. Mtu akisema taratibu, husikika. Alisimama kwa kujishikiza kwenye nguzo. Jiwe hakulikaribia.

"Mama zetu," aliita, "mmetukumbuka, nasi tumeona. Ila niulize. Uji ambao mwenyewe anaukimbia, sisi tuunywe?"

Hakuna nyumba ya Kihaya, hata ya maskini wa mwisho, ambamo mgeni hupewa kinywaji kabla mwenyeji hajakionja mbele yake. Anayetoa hunywa kwanza, ndipo mgeni ajue kwamba hakuna sumu. Kwa Ruzindana ilikuwa vilevile. Na Ephrasia, aliyelelewa hivyo, alikuwa amewafundisha wanawake wote kuweka chakula na kukimbia.

"Baba, tunakimbia ugonjwa!" alipaza sauti. "Hatuukimbii uji!"

"Huo ugonjwa mimi siuoni. Ninachoona ni watu wanaoweka chakula, kisha wanarudi nyuma kututazama."

"Basi nionje hapa nilipo, kwa kata yangu, mnaniona."

"Kata ni yako, mwanangu. Waliolala humu ndani hawawezi kuinuka waione. Kuna mtoto hajala tangu tuvuke Karagwe, amewaona wa kwao wakifa njiani kwa kupokea vya watu. Hafungui mdomo hata kwangu."

Ephrasia akaanza kuifungua mbeleko. Alitaka kumshusha Anatory, amkabidhi kwa bibi yake, aende. Mkono mkavu ukamshika kwenye kiwiko.

"Unakwenda wapi na titi la mtoto?"

"Ni mimi niliyewaambia watu waweke wakimbie, Mae. Ni kosa langu."

"Kosa lako tutalizungumza tukishiba. Wewe ukianguka leo, huyu ananyonya nini? Kiko changu?" Kokubanza alikung'uta kiko kwenye kichuguu, akakichomeka nyweleni. "Mdomo wangu umeonja mengi. Hata wa baba mkwe wako niliuonja, na alikuwa hasuuzi."

"Mae!"

"Kaa hapohapo. Ukinifuata, sikujui."

Akakichukua kibuyu jiweni, akaenda nacho moja kwa moja mpaka ndani. Banda halikuwa na kuta, na Ephrasia aliona yote. Alimwona akikaa chini katikati ya wagonjwa kama aliyefika kwa ndugu zake. Alikunywa, akampa Ruzindana. Akanywa tena, akampa aliyefuata. Wote waliolala walitaka waone kwa macho yao, naye akawaonyesha mmoja mmoja. Mwisho akainamia kitu kidogo kilichofunikwa ngozi ya mbuzi. Alionja, akangoja. Akaonja tena, akasema maneno ambayo upepo haukuyafikisha kichuguuni. Mkono mwembamba ukatoka chini ya ngozi, ukashika shingo ya kibuyu.

Ephrasia alilia kwa furaha na kwa woga, asijue kipi kimezidi.

Walirudi wakiachiana nafasi, Ephrasia mbele, Kokubanza nyuma kabisa. Walipofika nyumbani, Kokubanza alipita nyumba kubwa bila kuingia, akahamia kibanda cha kuwekea kahawa, mwisho wa kibanja chao cha migomba. Tangu hapo wanawake wote walileta vibuyu vyao kwake, naye ndiye aliyeingia navyo bandani kila alfajiri, akaonja, akalisha. Rugambwa alipokuja kumkanya, alijibiwa kutoka mbali: "Katekista, nenda kasali. Nami nina wageni."

Bandani watu wakaanza kuketi. Kisha wengine wakasimama. Benadetha hakufanya tena mzaha wa ng'ombe. Alichagua ulezi wake mzuri kuliko wote akautwanga.

Asubuhi ambayo Kokubanza hakutoka, Ephrasia alijua kabla hajasikia kikohozi.

Alichemsha uji, akauchuja, akaenda nao mpaka mlangoni pa kibanda.

"Usivuke hapo!" Sauti ilikuwa imepasuka. "Weka chini, rudi nyuma."

"Siwezi, Mae. Siwezi kukuwekea kama walivyowekewa wale."

"Mimi si mgeni wako. Weka."

"Niingie kidogo tu. Nikushike kichwa."

"Ukiingia, Ephrasia, nitakufa nimekukasirikia, na hilo hutalibeba." Kikohozi kikamchukua kwa muda mrefu. Kiliponyamaza, sauti ikarudi ikiwa ndogo. "Anatory ananyonya?"

"Ananyonya."

"Klaudia?"

"Anakuulizia. Anataka kukuletea muwa."

"Mwambie bibi hana meno ya muwa. Na uji, umeutia madonge?"

"Hapana. Nimeuchuja."

"Haya. Rudi nyuma, mwanangu."

Ephrasia aliweka bakuli kizingitini, akarudi nyuma mpaka kwenye mti wa kwanza wa kahawa. Alikaa hapo kutwa, akanyonyesha hapo, akazungumza na ukuta wa nyasi mpaka ukuta ukaacha kujibu. Uji ulibaki juu ya kizingiti, umefanya utando.

Msiba huko huwa hauachwi peke yake. Majirani huja na nyasi mpya za kutandika, na ndizi, na kuni, wakalala hapo mpaka wenye nyumba wakumbuke kwamba kuna kesho. Safari hii walisimama njiani, nje ya migomba. "Poleni!" waliita. "Pole, mwenzetu!" Benadetha alipiga magoti upande wake wa mpaka, akaangua kilio, asivuke. Wanaume walitazamana. Kuchimba walitaka, kumbeba ndiko walikoogopa, nao wana watoto wadogo nyumbani.

Ndipo wakaja watu wa bandani. Ruzindana alitangulia, na vijana wenye nguvu za kushika jembe nyuma yake, wamekonda mpaka vivuli vyao vilionekana vyembamba.

"Sisi homa hii ilishatupita," alisema. "Tuonyeshe mahali."

Ephrasia aliwaonyesha, kando ya kaburi la mume wa Kokubanza, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Walimbeba katika mkeka. Walimshusha taratibu kama mtu aliyelala. Rugambwa alisali kutoka mbali. Msichana yule wa ngozi ya mbuzi naye alikuja, ameshikwa mkono. Alitupa udongo kidogo, akafuta kiganja kwenye paja, akabaki anatazama shimo likijaa.

Jioni ilipoingia, Ephrasia alijikuta anatandika nyasi mpya chumbani, kutoka ukuta hadi ukuta, nafasi ya watu wengi. Alijua hakuna atakayekuja kulala. Hakujua la kumwambia Aristides, kama barabara zingefunguliwa na kama angekuwapo wa kuambiwa. Alimgusa Anatory paji la uso. Lilikuwa baridi, zuri. Alimgusa tena, asiliamini.

Mvua ikaanza. Kwanza ilipiga majani ya migomba hapa na pale, kisha ikakaza, ikamwagika kibanja kizima. Klaudia alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mhimili, macho yakiwa kule kwenye udongo mpya.

"Bibi ananyeshewa," alisema.